Chuma cha Sahanini na Chuma cha Damuni

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, hamjambo? Naomba wa nyuma msogee, maana leo nimekuja na kitu cha kutazama: glasi mbili, chupa ya chai, na kidonge kimoja cha kuongeza damu, chenye chuma ndani, vile mnavyopewa kliniki.

Kidonge hiki nimekisaga kwa kijiko. Nusu ya unga naitia kwenye glasi ya maji. Nusu nyingine naitia huku, kwenye chai ya rangi. Nakoroga. Haya, tazameni hiyo ya chai. Imekuwa nyeusi kama wino, sivyo? Na zamani wino wenyewe ulitengenezwa hivyohivyo, kwa kuchanganya chuma na tanini, ule ukali wa majani ya chai unaokausha ulimi. Tanini imekishika chuma na haitaki kukiachia. Mkishushia ugali na mchicha kwa kikombe cha chai, jambo la namna hiyo hutokea tumboni. Chuma kingi mlichokila kinapita moja kwa moja hadi chooni.

Tukisikia neno madini, akili inakimbilia dhahabu ya Geita na tanzanaiti ya Mirerani. Mwilini nako yamo. Mtu mzima ana gramu tatu hadi nne za chuma, basi, na karibu theluthi mbili yake imo kwenye chembe nyekundu za damu, kazi yake kubeba oksijeni. Kikipungua, mama anachota ndoo moja anatweta, moyo unamwenda mbio, viganja na ndani ya kope vinapauka. Mjamzito akipimwa wekundu wa damu akakutwa chini ya 11, tunasema ana upungufu.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Mama huyo akifika kliniki mara nyingi hugombezwa: "Huli mboga wewe!" Anakula. Anakula matembele na maharage kila siku ya Mungu. Lakini chuma cha mboga na nafaka ni kigumu kufyonzwa, mwili unaambulia kidogo tu, tofauti na cha maini, nyama na samaki. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni hili: anakula mboga hizo pamoja na nini?

Chai pamoja na chakula inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya hicho kidogo. Kahawa vilevile. Sisemi muache chai, nani ataacha? Isogezeni. Kuleni, kaeni saa moja au mbili, ndipo mnywe. Na pale mezani mahali pa chai pakae ndimu, chungwa, au pera. Vitamini C inafanya kinyume cha tanini: inakilainishia chuma njia, na ufyonzaji unaweza kupanda mara mbili hata tatu. Kipande cha ndimu juu ya maharage kinamsaidia hata asiye na hela ya nyama.

Bibi zetu walilijua hili kwa mikono. Walivumbika ulezi ukaota, wakauanika, wakasaga kimea, wakapika togwa. Nafaka na kunde zina kitu kiitwacho fitati, nacho hukamata chuma na zinki. Kuotesha na kuchachusha hukipunguza, na kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake husaidia pia.

Sasa udongo wa kula. Najua humu ndani kuna wenye pemba mkobani, na sitamnyooshea mtu kidole. Hamu ile ni ya kweli, harufu yake kama mvua ya kwanza. Wanaoitamani sana mara nyingi hukutwa na damu kidogo. Lakini udongo nao unaweza kukishika chuma tumboni, na mwingine una mayai ya minyoo au hata madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukiona hamu imekuzidi, nenda ukapime damu, umwambie mhudumu bila aibu.

Vidonge navyo msivitupe darini. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida. Kidonge kikikuchefua, meza usiku unapolala, kwa maji. Kwa chai usimeze, glasi mmeiona.

Madini mengine nayapitia haraka. Madini joto, yaani iodini, yamo kwenye chumvi ya pakiti. Ifunikeni, isikae juani wala karibu na moto, na itieni chakula kikikaribia kuiva. Wajawazito wasipoyapata, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaoumia. Mtoto akiharisha, mkipewa zinki pamoja na maji ya chumvichumvi, mpeni siku zote 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Mama wa kitenge cha njano anauliza: chai ya maziwa je? Mama yangu, maziwa hayaiondoi shida, kwa sababu madini yake yaitwayo kalisi nayo hushindana na chuma. Kipe kikombe hicho saa yake mbali na mlo. Na huyo uliyempakata, ambaye umesema ana miezi minane, asipewe chai kabisa, hata ya kuchovyea mkate. Dagaa wakavu watoe vichwa, waoshe mchanga, wakaange bila mafuta, uwasage unga laini. Kijiko kimoja kwenye uji wake, kila siku.