Hesabuni Saa Kabla ya Wati: Kununua Vifaa vya Umeme vya Viwanja vya Michezo

Ndugu mwenyekiti, maafisa michezo, viongozi wa vilabu, na wenzetu wa ununuzi mliokaa kule nyuma: kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe, na ndaga fijo kwa wenyeji wetu wa Mbeya.

Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa vifaa vinavyotumia umeme kidogo viwanjani. Kwenye vikao vya namna hii mjadala huanzia juu ya minara: tung'oe taa kubwa, tuweke LED. Naomba leo tuanzie getini.

Chukueni uwanja wa kawaida wa mkoa. Una taa kubwa 16 za zamani, za metali halaidi, kila moja wati 2,000. Zikiwaka zote ni kilowati 32. Uwanja ukitumika usiku mara 100 kwa mwaka, saa tatu kila mara, na hapa kwetu mara 100 ni nyingi mno, zitakula uniti 9,600. Sasa tazameni zile taa nane za ulinzi za wati 400, getini na ukutani. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, nazo haziruki siku hata moja. Uniti 14,016! Taa nane za mlinzi zimeipita minara yote. Mkiweka LED za wati 120 mahali pake, mnashuka hadi kama uniti 4,200. Zidisheni tofauti hiyo kwa bei ya uniti iliyo kwenye ankara yenu, halafu mniambie kama hamjapata hela ya mipira na nyavu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika zabuni, kaeni na mlinzi na mtunza uwanja. Hao ndio wanaojua swichi ipi inawashwa saa ngapi na inazimwa lini. Mhasibu anaiona jumla tu. Waulizeni na pampu ya kumwagilia nyasi: kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Oktoba, injini ya kilowati 5.5 ikifanya kazi saa tano kwa siku kwa siku 150 inakula zaidi ya uniti 4,000. Na kwa kuwa kiangazi ndicho kipindi chenye jua la kutosha, pampu ya sola hapo inafaa sana.

Sisemi minara iachwe. LED ya minara ina faida nyingine, hasa kwetu ambako umeme hukatika. Taa ya metali halaidi ikizimika hata kwa sekunde moja, lazima ipoe kwanza, dakika kumi au zaidi, ndipo iwake tena. Mechi imesimama, wachezaji wanapoa na baridi yetu hii. LED inawaka papo hapo jenereta ikishika, na jenereta yenyewe inaweza kuwa ndogo. Tena, wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti peke yake. Hulipia pia kilele cha matumizi cha mwezi, yaani umeme mwingi kuliko wote waliouvuta kwa wakati mmoja, na hicho hupimwa kwa kVA. Mkiwa kwenye kundi hilo, mechi moja tu ya usiku inaweza kuipandisha ankara ya mwezi mzima.

Hapo ndipo shawa za umeme zinapotuumiza kimyakimya. Shawa moja ya kuchemsha papo hapo huvuta kilowati tano hivi. Kumi zikifunguliwa kipenga cha mwisho kikilia, ni kilowati 50, zaidi ya ile minara yenye taa za zamani. Hita za jua zenye tangi zinafaa sana nyanda za juu, ila wa Makete na Mufindi msikilize: kwenu kuna jalidi. Maji yakiganda kwenye mabomba juu ya paa, mabomba hupasuka. Andikeni kwenye zabuni kwamba mnataka mfumo unaohimili baridi ya kugandisha. Mkikaa kimya mtaletewa uliotengenezwa kwa ajili ya pwani.

Na radi, ndugu zangu. Mnara wa taa ndio kitu kirefu kuliko vyote pale uwanjani. LED yenyewe hudumu. Kinachoungua ni kile kifaa cha ndani kinachoilisha umeme. Daini kinga ya umeme unaopanda ghafla kwenye kila taa, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa, na vipuri vinavyopatikana nchini.

Bei ya chini peke yake ni mtego. Kamati ya tathmini inafuata vigezo vilivyomo kwenye zabuni. Kama gharama ya umeme na matengenezo kwa miaka kumi haikuandikwa mle tangu mwanzo, mkishafungua bei huko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, hamuwezi kuiingiza. Iandikeni mapema.

Andikeni pia mwanga mnaoutaka, kwa laksi, yaani kipimo cha mwanga unaofika uwanjani, badala ya wati. Kiwango cha Ulaya cha EN 12193 kinataka laksi 75 kwa soka la mazoezi na la ngazi ya chini, 200 kwa ngazi ya kati, na 500 kwa mashindano makubwa. Uwanja wa sekondari hauna haja ya kununua 500.

Kisha malipo ya mwisho yasitoke kabla hamjapima. Nendeni usiku na kipima mwanga halisi, siyo simu, mpite uwanja mzima kila baada ya mita kumi, kona zote zikiwemo, mkiandika. Vipimo vikipungua, mzabuni apande mnara arekebishe kwa gharama yake, na sharti hilo liwemo kwenye mkataba kabla hajaleta taa hata moja.