Ramani Iliyotoka Melini

Ndugu wasikilizaji, itazameni Greenland kwenye ramani hii iliyo nyuma yangu. Kwa macho, inakaribia kutoshana na Afrika. Kwa vipimo, Greenland ina takriban kilomita za mraba milioni 2.2 na Afrika ina milioni 30. Zingehitajika Greenland kumi na nne kuifunika Afrika.

Aliyeichora hakuwa mwongo. Gerardus Mercator aliitoa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Nahodha alihitaji kuvuta mstari mnyoofu kutoka bandari hadi bandari, kisha aushike kwa dira bila kubadili pembe mpaka afike. Lakini dunia ni tufe na karatasi ni bapa. Ganda la chungwa halilali mezani bila kupasuka au kuvutwa. Mercator akalinda pembe, akapoteza ukubwa: kadiri nchi ilivyo mbali na ikweta, ndivyo inavyotanuliwa. Nahodha hakupungukiwa na kitu.

Waliopungukiwa ni wanafunzi, ramani hiyo ilipotoka melini ikatundikwa darasani. Mtoto haendeshi meli. Anachokiona ni nani mkubwa na nani mdogo, na kwake mkubwa ndiye mwenye neno. Hili linaniuma, kwa sababu hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha hivyo.

Hata kaskazini kuwa juu ni mazoea tu. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, aliweka kusini juu katika ramani yake ya mwaka 1154.

Kuna ramani zilizofanya zaidi ya kudanganya macho. Miaka ya 1930, shirika moja la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji likipima hatari ya kukopesha fedha za nyumba. Mitaa ya daraja la chini kabisa ikapakwa nyekundu, na mitaa waliyoishi Wamarekani weusi iliangukia humo karibu yote. Rangi ya wakazi ilihesabiwa waziwazi kuwa kasoro ya mtaa. Ubaguzi ulikuwapo kabla ya ramani. Ramani iliupa sura ya kipimo.

Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani ya Mercator na kutumia ile ya Equal Earth ya mwaka 2018, inayotunza ukubwa. Nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini hiyo nayo imepinda maumbo, na baharia hawezi kuitegemea kushika njia. Basi tunapoitundika, tuandike chini yake, kwa herufi za kusomeka, imechorwa kwa kazi gani na imepoteza nini.