Ukingo wa Doa

Assalaam aleikum, hamjambo nyote, na poleni mliovuka feri kutoka Likoni na jua lote hili.

Kazi yangu ni kusoma picha za eksirei, nami nianze na goti. Kijana wa miaka 14 anacheza mpira, goti linamuuma. Nyumbani tunasema ameteguka, anakandwa kwa mafuta ya simsim. Wiki zinapita, maumivu yanamwamsha usiku, uvimbe mgumu ukiugusa. Mama zangu, hapo acheni kukanda, mpelekeni akapigwe eksirei. Osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana wanaokua, hupenda sana pale gotini.

Picha ikishawekwa kwenye taa, mimi hutazama kwanza ukingo wa doa, yaani pale mfupa ulipoharibika. Mnazijua boriti za Mji wa Kale. Tundu la keekee lina ukingo safi. Mchwa wakiingia, huoni walipoanzia wala walipoishia. Mfupa ni vivyo hivyo. Uvimbe unaokua polepole huupa mfupa nafasi ya kujijengea ukuta, ukaona mstari mweupe umelizunguka doa. Unaokwenda mbio hauachi nafasi hiyo: mfupa unaliwaliwa, na pengine miale inachomoza pembeni kama ya jua.

Mwaka 1963, huko Marekani, daktari wa picha Gwilym Lodwick na wenzake walichapisha utafiti wa kutambua uvimbe wa mfupa kwa kompyuta. Kompyuta ile haikuiona picha. Daktari alitazama, akaiandikia umri, mahali na ukingo, nayo ikapiga hesabu ya uwezekano. Leo programu zinasoma picha yenyewe, lakini umri hauna mbadala: doa la mtu aliyepita miaka 40 hunifanya niwaze kwanza saratani iliyosambaa kutoka kwengine, kama titi au tezi dume.

Ndiyo maana fomu za kuombea picha zikija tupu zinaniumiza. Niliwahi kuletewa moja imeandikwa "maumivu ya goti", basi. Hakuna umri, na picha ya mbele peke yake. Nikamwita mtoto arudi, tukapiga na ya ubavuni. Doa likatokea, nyuma ya mfupa wa paja, lina mstari mweupe mwembamba kama uzi: aina ambayo mara nyingi hupotea yenyewe mtoto akikua. Mamake alilia pale pale mlangoni.

Tena, picha safi isiwatulize kupita kiasi. Mfupa hupoteza kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha. Maumivu yakiendelea, ulizeni kipimo cha emuarai (MRI); inatumia sumaku, haina mionzi, na inaona hadi uboho. Kama kinyama cha kupimwa kitachukuliwa kwa sindano, kichukuliwe baada ya emuarai, na daktari atakayempasua mgonjwa ashauriwe kabla, kwa sababu njia ilimopita sindano nayo huja kuondolewa pamoja na uvimbe.

Na zile filamu za zamani mlizozitia chini ya godoro, njooni nazo. Doa la leo nikiliweka kando ya la miaka miwili iliyopita, naona iwapo limekua.