Pekupeku Juu ya Vioo: Mhadhara juu ya Die Hard

Asanteni. Kaeni, kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze kwa kuliondoa njiani lile swali, maana naona kuna mkono umeshanyooshwa na mimi hata sijafungua mdomo. Kila Desemba watu wanakamatana mashati: Die Hard ni filamu ya Krismasi au siyo? Bruce Willis, mchezaji wake mkuu, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba siyo. Steven de Souza, mmoja wa waandishi wawili wa skripti, anasema ndiyo. Studio iliitoa Julai 1988, wakati Wamarekani wako kwenye joto kali. Ushahidi wa pande zote ndio huo, mkagawane nje. Shusha mkono, kaka.

Kinachoniudhi mimi ni kingine, na wanaonifahamu wanajua tayari nitakachosema. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wanaiiga filamu hii, na karibu wote wanaiga kitu kisicho chenyewe. Wanachukua jengo. Mtu mmoja, majambazi wengi, mahali pamefungwa, wanadhani wameshapata. Weka melini, weka kwenye ndege, weka kwenye basi. Na skripti mnazoniletea ni hivyo hivyo: ghorofa, bunduki, mlipuko, jamaa mmoja jasiri. Nafika ukurasa wa 40 bado sijui huyo jamaa kavaa nini miguuni.

Miguu. Leo tunazungumza habari za miguu.

Hadithi mnaijua, siisimulii kwa urefu: polisi wa New York, John McClane, anamfuata mkewe Holly kwenye sherehe ya Krismasi ya kampuni yake huko Los Angeles, na Hans Gruber na majambazi wake wanauteka mnara ili waibe kilichomo kwenye kasiki la kampuni. Nendeni moja kwa moja mwanzo kabisa: ndege inatua Los Angeles, John McClane kakamata mkono wa kiti. Abiria wa pembeni anamwona alivyokakamaa, anampa dawa ya uchovu wa safari. Ukifika, vua viatu na soksi, tembea juu ya zulia, kunja vidole vya miguu kama unakunja ngumi. Watu wanacheka. Punde huyo abiria anaiona bastola chini ya koti, naye McClane anamtuliza: mimi ni polisi, kazi hii nina miaka 11. Hesabuni. Tumepata woga wake, kazi yake, silaha yake, na mbegu ya viatu imeshafukiwa. Hakuna aliyeiona ikifukiwa, kwa sababu ule utani ulikuwa na shughuli yake nyingine: kutuonyesha kwamba polisi mgumu anaogopa ndege.

Ninyi mkitaka kupanda kitu mnasimamisha filamu. Kamera inakwenda kwenye kisu mezani, muziki unapiga dum, picha inaganda sekunde nne, na mpaka mtoto aliyelala anajua kisu kile kitaua mtu. Huko si kupanda, huko ni kubandika tangazo. Kitu unachokipanda kipe kazi halali siku ile ile ya kwanza. Jipime hivi: ukikata mavuno yake yote huko mbele, onyesho la kwanza bado linasimama? Kama halisimami, umebandika tangazo.

Tuendelee na miguu. Jengoni, kwenye maliwato ya ofisi ya mkewe, McClane anavua viatu na soksi, anajaribu zile ngumi za vidole, anashangaa kwamba kumbe zinafanya kazi. Hapo hapo bunduki zinalia. Anatoka na bastola, suruali na singlendi, anakimbilia ngazi za juu. Viatu vinabaki. Oneni kwamba hakuvivua kwa ujinga, wala mwandishi hakumvua kwa nguvu. Alifuata ushauri mzuri wa mtu mwema.

Sasa mbishi mmoja atasema: si angevua viatu vya maiti? Swali zuri, na waandishi walijua utaliuliza. Jambazi wa kwanza kufa, Tony, McClane anamkagua miguu. Viatu havimtoshi. Analalamika kwamba magaidi wote wamejaa duniani, yeye kamuua mwenye miguu midogo kuliko ya dada yake. Kicheko kimoja, na mlango wa pingamizi umefungwa. Zingatieni saa ya kuufunga. Ukilijibu swali kabla mtazamaji hajaliuliza, umemwamsha bure. Ukichelewa, ameshakudharau. Lijibu pale pale linapomjia, na ukiweza, lijibu kwa mzaha, maana anayecheka habishi.

Kisha vioo. Hans Gruber anakutana na McClane uso kwa uso, anajifanya mateka aliyetoroka, wanavuta sigara pamoja. Katika mazungumzo yale Hans anaona mwenzake hana viatu. Baadaye risasi zinapigwa kwenye ghorofa ya kompyuta, ofisi zimezungukwa na kuta za kioo, naye Hans anamwamuru Karl, jambazi mwenzake, apige vioo. Kwa Kijerumani anasema «Schieß dem Fenster», ambacho ni Kijerumani kibovu, na Karl anamkodolea macho mpaka aambiwe upya kwa Kiingereza. Mjerumani haelewi Kijerumani! Lakini angalieni ujanja wenyewe. Adui ametumia jambo tulilokuwa nalo sisi watazamaji tangu kwenye ndege. Tumelibeba mfukoni muda wote, tukasahau tunalo, yeye akalitoa. Ndiyo maana Hans anatisha kuliko majambazi wenu wanaopiga kelele. Anasoma chumba.

Na bei inalipwa. McClane anakanyaga vile vioo, anakimbia, anaacha nyuma mfuko wa viwasha-baruti uliokuwa karata yake pekee. Hans anaupata. Kwa hiyo miguu imebadilisha hadithi, haikuishia kutuumiza roho. Onyesho linalofuata yuko chooni, anachomoa vipande vya kioo kwenye nyayo, anaongea kwa redio na Sajini Powell, polisi aliye nje ya jengo, na hapo ndipo kiburi kinapomtoka: akifa, Powell amwambie mkewe kwamba anaomba radhi, neno ambalo hajawahi kumtamkia. Ulianza utani wa soksi, ukatufikisha kwenye msamaha wa ndoa. Kama kuna mtu humu anaweza kufanya hivyo kwa mlipuko, aje nimpishe jukwaa.

Kwa upande wa ufundi, Willis hakukimbia pekupeku siku zote. Alivalishwa viatu vya mpira vilivyofinyangwa kama miguu, na ukisimamisha picha mahali fulani utaviona vimezidi ukubwa. Hakuna aliyewahi kuvilalamikia ukumbini, kwa sababu akili ya mtazamaji ilikuwa kwenye maumivu.

Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Atasema watu hawa walikuwa na fedha, takriban dola milioni 28. Kweli. Miguu mitupu iligharimu kiasi gani? Na msiniambie kwamba walikuwa hawajui kutengeneza mashujaa wa misuli. Mwongozaji John McTiernan alikuwa ametoka kumwongoza Schwarzenegger kwenye Predator, 1987. De Souza huyu huyu aliandika Commando, 1985. Walijua vizuri mtu asiyeumia anavyoandikwa. Safari hii wakamchukua mcheshi wa televisheni, wakaripotiwa kumlipa dola milioni 5 na watu wakashika vichwa, kisha wakamnyang'anya kitu kimoja kila baada ya hatua: viatu, usafi wa singlendi, damu, risasi. Anafika mwisho na risasi 2.

Mtu ataniletea Speed, ya 1994, na basi lake. Hiyo imefaulu, nakubali. Imefaulu kwa sababu basi lile lina miguu yake mitupu: likishafika maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, likipungua hapo linalipuka. Kuna uhaba unaobana kila sekunde. Na aliyeiongoza ni Jan de Bont, mpiga picha wa Die Hard. Alikuwepo jikoni, aliona chumvi inawekwa wapi.

Haya, wapenzi wa Krismasi, zamu yenu, kwa ufupi. Bishaneni mnavyotaka, lakini angalieni sikukuu inavyofanyishwa kazi. Ni mkesha wa Krismasi, kwa hiyo mnara mzima mtupu isipokuwa ghorofa ya sherehe, na walinzi ni wachache. Ni Krismasi, kwa hiyo polisi wa New York ana sababu ya kumfuata mke na watoto. Maiti ya Tony inashuka kwa lifti na kofia ya Baba Krismasi. Zile risasi 2 za mwisho ziko kwenye bastola aliyojibandika mgongoni kwa gundi ya karatasi yenye salamu za sikukuu. Los Angeles haina theluji, lakini mwisho karatasi zinamwagika kutoka juu ya mnara kama theluji. Ukiipeleka hadithi hii mwezi Machi itabidi uandike upya nusu ya skripti. Swali la kumuuliza mwandishi ni hilo: sikukuu yako ikitolewa, nini kinaanguka? Kwenye skripti zenu zinaanguka puto tu.

Na wengi wenu mliiona kwanza kwenye kibanda cha video, mtafsiri akipiga domo juu ya muziki, kwa hiyo mmekosa mzaha mkubwa. Michael Kamen, mtunzi wa muziki wa filamu hii, ameichezea sauti ya Beethoven, ile ya Simfonia ya Tisa, tangu mapema, kidogo kidogo. Inafunguka yote pale kasiki linapofunguka. Wimbo wa furaha umepewa mwizi!

Na kasiki lenyewe ni somo. Lina kufuli 7. Theo, fundi wa kompyuta wa Hans, anaweza kuvunja 6 kwa mashine na kompyuta. La saba ni la sumaku ya umeme, halikatwi wala halitobolewi, linaachia umeme ukizimwa kutoka nje. Nani ana uwezo wa kuzima umeme wa mtaa? FBI. Nani atawaleta FBI? Polisi. Kwa hiyo McClane anapohangaika kwenye redio kuita polisi, anamsogezea mwizi kazi yake. Akiita anakosea, asipoita mateka wanakufa. FBI wanafika, wanafuata kitabu chao cha magaidi neno kwa neno, wanazima umeme, na Hans anapata muujiza wake wa Krismasi aliomwahidi Theo. Dola milioni 640 za hatifungani, zimefunguliwa na serikali. Majambazi wenu kila mara wanashindwa na polisi wajinga. Hapa ujinga wa polisi umeingizwa kwenye hesabu ya jambazi tangu siku ya kwanza.

Naambiwa zimebaki dakika chache. Basi harakaharaka.

Jina: mkewe anatumia Gennero kazini, McClane anakasirika alipoliona kwenye skrini ya mapokezi. Jina lile lile linamficha mkewe kwa Hans. Picha: Holly kwa hasira anailaza picha ya familia kifudifudi, na ulalo ule unamwokoa mpaka mwandishi wa habari anapowatangaza watoto kwenye televisheni, Hans anainua picha, kwisha. Saa: Ellis, mfanyakazi mwenzake Holly, anajisifia ile Rolex aliyopewa Holly na kampuni ili kumchoma mume. Mwisho Hans ananing'inia dirishani kwa kushika mkono wenye saa ile, McClane anafungua kishikizo, Hans anakwenda chini. Vitu vitatu, vyote vimeanza kama ugomvi wa mume na mke, na vyote vinatumika. Kila kimoja kingestahili nusu saa.

Nilikuwa na ukurasa mzima juu ya kamera ya de Bont, nauacha. Juu ya Alan Rickman, aliyecheza Hans, kwamba hii ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema, nauacha pia.

Lakini kosa moja lazima nilitaje, msije mkasema mimi ni mhubiri. Skripti haikuwa imekamilika walipoanza kupiga picha, na njia ya majambazi kutoroka iliongezwa baadaye: gari la wagonjwa limefichwa ndani ya lori walilokuja nalo. Tatizo ni kwamba tumeshaona wakishuka kwenye lori hilo, na gari la wagonjwa halimo. De Souza ameeleza kwamba kulikuwa na picha ya majambazi wakilinganisha saa zao za mkononi, zote za aina moja, ndani ya lori. McClane angeziona saa zile kwenye maiti, kisha kwenye mkono wa Hans wakati wa sigara, na ndiyo maana angempa bastola isiyo na risasi. Picha ile ilikatwa kwa sababu ilionyesha lori tupu. Matokeo yake, mpaka leo watu wanauliza McClane alijuaje kwamba huyu mateka ni mwongo. Wamebaki na kuvuna bila kupanda. Kwa nini hatukasiriki? Kwa sababu onyesho lenyewe ni tamu, na kwa sababu karibu kila kitu kingine kimelipwa, mtazamaji anakubali deni moja. Ninyi mna madeni 15 na mnaomba mkopo.

Mwenye ukumbi ananionyesha saa. Swali moja tu, na lisiwe la Krismasi.

Kaka, shusha mkono.