Kumziba Mdomo Mpeleka Habari
Mhadhara kwa wanafunzi wa baiolojia, Kisumu

Hamjambo wanafunzi, na walimu wenzangu shikamooni.

Pale Dunga asubuhi, mashua ikikaribia, anayeiona kwanza humwambia jirani yake, jirani humwambia mwingine, hadi akina mama wenye beseni wanainuka kwenda kununua samaki. Ukitaka kujua habari inapitia kwa nani, mzibe mdomo mmoja wao, kisha utazame kama beseni zitainuka. Ndivyo tunavyozitumia molekuli ndogo zinazozuia ishara za seli.

Wapeleka habari wengi ndani ya seli ni vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kinasi huchukua fosfati kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, nayo ikaamka au ikalala. Vizuizi vyetu vingi huenda kukaa kwenye kishimo cha ATP. Hapo ndipo penye taabu, maana binadamu ana kinasi zaidi ya 500 na vishimo vyao vinafanana mno. Staurosporini, iliyopatikana mwaka 1977 kwa bakteria wa udongo, huziba kinasi chungu nzima. Seli ikifa, utamshika nani?

Nilipokuwa mwanafunzi nilizipa seli maikromola 50 za LY294002, kizuizi cha kinasi iitwayo PI3K. Zikaacha kugawanyika, nikafurahi, nikaandika kwamba ni kazi ya PI3K. Kumbe molekuli hiyo huziba pia kinasi nyingine, mTOR na CK2. Kazi ya miezi miwili ikawa haithibitishi kitu, na bado inaniuma. Kwa hiyo nawasihi: anzeni na dozi ndogo, pandeni polepole, na kila hatua pimeni fosfati kwenye protini inayoguswa na kinasi mnayoichunguza. Fosfati ikitoweka kwenye maikromola 1, lakini seli zikafa kwenye 20, kifo hicho kina sababu nyingine. Na seli za kulinganisha zipeni DMSO, kile kimiminika tunachoyeyushia vizuizi, kiasi kilekile, kwani hata DMSO peke yake huzigusa seli.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka kwa wagonjwa. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huziba BCR-ABL, kinasi inayoleta aina moja ya saratani ya damu. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa iliacha kufanya kazi. Asidi amino moja tu ya kinasi hiyo ilikuwa imebadilika, ile ya nafasi ya 315: treonini imekuwa isolusini, imatinibu haiingii tena, ilhali kinasi inaendelea na kazi yake. Kwa mgonjwa hilo ni pigo zito. Kwetu maabara ni kipimo. Tia kinasi hiyo iliyobadilika ndani ya seli, kisha weka dawa. Seli ikipona, basi kifo cha mwanzo kilitokana kweli na BCR-ABL. Ikifa vilevile, molekuli yako imegusa kitu kingine, na lile jina uliloandika juu ya grafu lifute.