Nailoni Juu, Kutu Chini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Nimepewa nusu saa nizungumzie kutunza bei ya pikapu. Mimi ni fundi wa gereji hapa hapa Tanga, kusimama mbele ya watu si kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie.

Nina mteja, mzee wa heshima zake. Alinunua Hilux ya dizeli akaniambia, "Fundi, hii nitaitumia miaka mitano, niiuze kama mpya." Viti akaviacha na nailoni za dukani. Bodi ya nyuma akaitandika lile zulia gumu la plastiki la kudumbukiza. Chini akapuliza oili chafu. Halafu, msicheke, akitaka kusomba mchanga alikuwa anakodi Canter! Pikapu ilikuwa ya msikitini Ijumaa na ya harusini.

Miaka mitano ikatimia, mnunuzi akaja. Hakutazama nailoni. Alilala chini na tochi, akagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi, akasema tunyanyue zulia.

Hapo ndipo palipokuwa na msiba. Plastiki ile haishikani na bati. Gari likitikisika inasugua rangi, mchanga unajipenyeza, maji yakiingia hayana pa kutokea, na hewa yetu ya pwani ina chumvi. Palikuwa na tundu la kupitisha kidole. Juu plastiki inang'aa! Bati tupu linalochubuliwa na matofali ni afadhali, maana unaliona likichubuka na unalipaka rangi ya kuzuia kutu mapema. Kama hela ipo, tafuta kinga ya kupulizwa, ile inayogandamana na bati lenyewe. Mwenye zulia tayari, alinyanyue kila baada ya muda, aoshe, aanike.

Oili chafu najua humu wapo mafundi wanaoipuliza, tusigombane. Maji inazuia kidogo, kweli. Lakini inanasa vumbi mpaka ufa wa chasisi hauonekani, na mpira wa bushi, ule wa kwenye maungio ya chini, ukilowa oili unavimba na kulegea. Mnunuzi akiona chini kumekuwa kweusi tii, anajiuliza kunafichwa nini. Ukitoka ufukweni, osha chini kwa maji ya bomba. Basi.

Sasa hili la kupaki ili kilomita zisipande. Mzee wangu alijivunia kilomita chache kuliko kitu chochote. Nikamwonyesha ubavu wa tairi, kwenye zile tarakimu nne za mwisho: ikisomeka 2319, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa bado nzito, lakini ubavu wote nyufa, kwa sababu mpira unazeeka hata ukikaa kivulini. Diski za breki zilikuwa na kutu. Tangi alikuwa akiliacha nusu, na unyevu wa ile hewa ya juu hugeuka maji ndani ya dizeli. Maji hayo yanaua pampu na nozeli, na bei yake mnaijua, sitaitaja, wengine mna presha. Oili ya injini hakuimwaga miaka miwili. Kwa nini? "Haijatembea, fundi." Oili inachakaa kwa kilomita, na kwa miezi pia.

(Wanaorudisha kilomita nyuma kwa kompyuta siwazungumzii. Ule ni wizi, na raba ya pedali iliyolika inawaumbua.)

Mnunuzi akaomba risiti za sevisi. Mzee akafungua dashibodi, akatoa risiti moja. Ya zulia.

Bei ilikatwa vibaya. Jioni tukakaa kupiga hesabu ya Canter, safari moja moja, aone alilipa kiasi gani kwa kazi ambayo gari lake lingeifanya. Hatukufika hata mwaka wa pili, akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Nimeona pikapu tatu hapo nje zina mazulia. Nimekuja na spana. Mwenye moyo atoe funguo, twende tukanyanyue.