Gari Linalogoma Kuwaka Mara Mojamoja

MTANGAZAJI: Karibuni, wasikilizaji. Leo mimi na mwenzangu fundi tunazungumzia tatizo moja tu: gari ambalo asubuhi linawaka mara tu ufunguo unapozungushwa, mchana linagoma kabisa, na likifikishwa gereji linawaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Nimelichagua kwa sababu gari langu lilinisumbua hivyo kwa takribani miezi minne, na katika muda huo nilibadilishiwa betri, plagi na pampu ya mafuta, ilhali vyote vitatu vilikuwa vizima. Fundi, kwa nini tatizo hili huwashinda watu wengi?

FUNDI: Ahsante, dada. Vipimo vingi vya gereji huonyesha hali ya gari kwa wakati uleule linapopimwa. Likiletwa likiwa linawaka, betri itasoma vizuri, cheche zitaonekana, presha ya mafuta itakuwa sawa, na fundi mwenye haraka atabaki kubahatisha. Atabadilisha kifaa, gari litawaka kwa siku tatu, na mwenye gari atashukuru, ingawa katika siku hizo tatu lingewaka hata kama lisingeguswa. Ndiyo maana mimi huanza na mwenye gari kabla ya kufungua boneti. Swali langu la kwanza ni hili: unapozungusha ufunguo, unasikia nini?

MTANGAZAJI: Na wengi hujibu tu kwamba gari haliwaki.

FUNDI: Hujibu hivyo, na jibu hilo halitutoshi, kwa sababu kuna hali tatu zenye asili tofauti. Katika hali ya kwanza stata haizungushi injini kabisa, labda unasikia mlio mmoja tu wa chuma au kimya kitupu. Katika ya pili stata inazungusha, lakini kwa uzito, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Katika ya tatu injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki. Mbili za kwanza hunielekeza kwenye betri, nyaya, stata na swichi zake; ya tatu hunielekeza kwenye mafuta, cheche na sensa, yaani vifaa vinavyoipa kompyuta ya gari habari za injini. Lako lilikuwa lipi?

MTANGAZAJI: La tatu. Stata ilizungusha kwa nguvu, ndiyo maana hadi leo sielewi kwa nini betri ilibadilishwa.

FUNDI: Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki na takribani nusu ya chaji. Wakati wa kupiga stata, betri nzima isiyo na baridi kali haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Kipimo hicho ni cha dakika mbili, na kingekuokolea betri. Hata pale stata inapozunguka kwa uzito, naomba watu wasikimbilie betri kabla ya kupima waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Weka ncha moja ya multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani, na mara nyingi utakuta kutu chini ya bolti inayoonekana safi kwa juu. Kutu ya namna hiyo hushika leo na kuachia kesho, hasa kukiwa na unyevu.

MTANGAZAJI: Mimi nilisaidika siku uliponiambia nianze kuandika.

FUNDI: Niliomba mambo machache tu: gari lilisimama kwa muda gani kabla ya kugoma, injini ilikuwa ya baridi au ya moto, hali ya hewa ilikuwaje, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, na kama lilikuwa limetoka kujazwa. Hilo la kujaza watu hulipuuza. Kuna vali inayopeleka mvuke wa petroli kutoka tangini hadi kwenye injini. Ikikwama wazi, injini humeza mvuke mwingi mara baada ya kujaza tangi, nayo husumbua kuwaka hapohapo kituoni, kisha haisumbui tena hadi ujazo unaofuata.

MTANGAZAJI: Daftari langu, baada ya wiki tatu, lilionyesha kwamba gari halikugoma hata mara moja asubuhi. Liligoma mara tano, zote baada ya safari ndefu na kusimama kwa dakika kati ya kumi na ishirini. Nikichelewa saa nzima, liliwaka bila shida.

FUNDI: Hapo tulikuwa tumeshapiga hatua kubwa. Kama lingegoma asubuhi tu, baada ya kulala usiku kucha, ningefikiria presha ya mafuta inayovuja kurudi tangini. Dalili yake ni kwamba ukifungua ufunguo bila kupiga stata, ukasubiri sekunde mbili pampu ijaze, ukafunga na kufungua tena mara mbili au tatu, ndipo gari linawaka upesi. Kama lingegoma baada ya kuegeshwa siku kadhaa, ningetafuta kifaa kinachonyonya betri gari likiwa limezimwa. Lakini lako liligoma likiwa na joto la kusimama, na joto hilo lina tabia yake. Injini inapozimwa, maji ya kupooza huacha kuzunguka, na joto la chuma husambaa hadi kwenye vifaa vya pembeni. Kwa dakika kadhaa vifaa hivyo huwa vya moto kuliko vilivyokuwa barabarani.

MTANGAZAJI: Hata hivyo hukutaja kifaa siku hiyo.

FUNDI: Sikutaja, kwa sababu vifaa kadhaa hugoma kwa ratiba hiyohiyo. Nozeli, yaani kifaa kinachonyunyizia injini petroli, ikidondosha hujaza petroli kwenye silinda. Utasikia harufu, na injini ikishika itatoa moshi mweusi. Katika magari mengi ya nozeli, kukanyaga mafuta hadi chini wakati wa kupiga stata hukata petroli na kusaidia silinda kukauka. Sensa ya joto la maji nayo inaweza kuidanganya kompyuta kwamba injini ni ya baridi, ikamwaga mafuta kupita kiasi. Hiyo huonekana kwenye mashine ya kupimia inayochomekwa kusoma kompyuta ya gari, kwani itasoma nyuzi 20 wakati injini inakaribia 90. Kisha kuna sensa ya krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na iko wapi katika mzunguko wake. Ikinyamaza, katika magari mengi cheche na petroli hukatika kwa pamoja.

MTANGAZAJI: Ukanipa mashine ndogo ya kupimia nikae nayo garini.

FUNDI: Nilitaka usome mizunguko ya injini wakati gari linagoma, maana sikuwa na njia ya kuwepo hapo. Watu huniambia mashine haikuonyesha kosa lolote, kwa hiyo sensa ni nzima. Si hivyo. Kompyuta huweza isiandike kosa, kwa kuwa injini ambayo sensa yake imenyamaza inafanana, machoni pake, na injini iliyosimama.

MTANGAZAJI: Siku ya nne liligoma. Stata ilizungusha vizuri, na mashine ikasoma sifuri muda wote. Nilirudia mara mbili, nikasoma sifuri tena.

FUNDI: Nami nikakuomba usirudie zaidi, usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, kwani nayo huungua. Nilipofika, ufunguo ukiwa umetolewa, niliweka kitambaa chenye maji ya baridi juu ya sensa kwa dakika chache. Ulipozungusha ufunguo, mizunguko ilisoma 200 na kitu kwa dakika, na injini ikashika. Ndani ya sensa yako kuna waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku. Waya ukiwa na ufa, joto huutanua na kuutenganisha, na ubaridi huurudisha.

MTANGAZAJI: Nilitaka kuondoka nikanunue sensa hapohapo, ukanizuia.

FUNDI: Kitambaa kilikuwa kimepooza sensa na soketi yake pia. Ilibidi nifungue soketi, nitazame kama kuna mafuta au pini iliyolegea, na nitikise nyaya huku nikipima. Zilikuwa salama, ndipo tukabadilisha sensa.

MTANGAZAJI: Na hata baada ya hapo ulikataa kusema limepona.

FUNDI: Gari lililokuwa likigoma mara tano katika wiki tatu haliwezi kuthibitishwa kwa kuwaka mara moja gereji. Nilikuomba urudie hali ileile: safari ndefu, kusimama robo saa, kuwasha, na kuandika.

MTANGAZAJI: Nilifanya hivyo mara kumi na nne ndani ya mwezi mmoja, mara mbili kukiwa na jua kali. Limewaka zote. Daftari bado liko garini.